Kabla Hujasema Mtoto Ana Kichwa Kigumu

Kwenye TP mwaka jana nilimsimamisha mwanafunzi wa kidato cha kwanza mbele ya wenzake. Swali lilikuwa lile lile la juzi. Akanyamaza. Nikamwambia, "Wewe una kichwa kigumu sana." Darasa likacheka. Tangu siku ile hakunyoosha mkono tena.

Kinachoniuma ni kwamba maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa mimi. Nimekulia Qurus, Karatu. Nyumbani tuliongea Kiiraqw, Kiswahili nikakizoea shuleni, Kiingereza nikaanza kufundishiwa nacho kidato cha kwanza.

Niliporudi chuo nikasoma upya jinsi ubongo unavyojifunza. Seli nyingi za neva hazigusani. Zinapokaribiana panaitwa sinapsi, na katikati kuna mwanya mdogo mno. Kwetu watu wawili husimama kila mmoja upande wake wa korongo, wakapeana habari kwa kupaza sauti. Seli nazo hutumia kemikali: umeme ukifika ukingoni, kemikali inamwagwa, inavuka mwanya, inapokelewa ng'ambo.

Ujumbe huo ukirudiwarudiwa, upande wa pili unaanza kusikia vizuri zaidi, na hata sinapsi mpya huota. Eric Kandel alilionyesha hilo kwa konokono wa baharini, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Funzo la mara moja lilipotea upesi. Lililorudiwa kwa vipindi lilidumu.

Basi yule kijana hakuwa na kichwa kigumu. Nilimfundisha mara moja, tena kwa lugha aliyokuwa na miezi michache tu akifundishiwa nayo, halafu nikamdai jibu.

Najua mtaniambia: darasa lina wanafunzi 80, silabasi haisubiri, nitarudia saa ngapi? Ni kweli. Lakini dakika tano za kuuliza somo la wiki iliyopita kabla ya kufungua jipya hazihitaji bajeti ya mtu. Na sisi tunaokesha na madesa usiku wa kuamkia UE, halafu baada ya wiki hatukumbuki kitu, tunajua vizuri somo la usiku mmoja linavyoisha. Mbona hatujiiti vichwa vigumu?

Sikumwomba msamaha yule kijana. TP iliisha, nikapanda basi. Mwaka huu naenda tena. Atakayenyamaza safari hii, nitamuuliza tena kesho, na keshokutwa, bila kumsimamisha.