Kasiksi Haipimwi kwa Kulewesha

Katika kikao cha mwisho cha shirika letu, tulipokuwa tunatayarisha siku ya utamaduni, mmoja wetu aliomba kuwe na shindano la kasiksi. Watu wakapiga makofi, na sisi pia tukapiga. Wamama wanaotengeneza pombe ya ndizi kule Kabare na Walungu wangeleta kila mmoja kibuyu chake, na mshindi angepewa mbuzi. Halafu mtu akauliza: tutajua namna gani ni pombe gani ya kwanza? Jibu likatoka nyuma ya chumba: «Ile itaangusha majaji mbio, njo ya kwanza!» Chumba kizima kikacheka. Katibu naye, huku anacheka, akaiandika ile kanuni katika daftari, na mpaka leo iko mule.

Tunaandika kurasa hizi juu ya kuomba ifutwe.

Sisi ni walimu. Kutoa pointi ni kazi yetu tangu tulipotoka na diplome ya pedagojia, na tunajua hatari yake. Ukimpa pointi 18 juu ya 20 mwanafunzi anayepiga kelele kuliko wengine, muhula utakaofuata darasa lote litapiga kelele. Kile unachokipa pointi ndicho utakachovuna. Kwa kasiksi mavuno yamekwisha anza, na si mazuri.

Tuseme kwanza kasiksi inatoka wapi, kwani vijana wetu wa mjini wanafikiri inatoka katika bidoni. Ndizi za pombe zinakatwa zikiwa zimekomaa lakini bado mbichi. Zinalazwa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya mgomba, zinafunikwa, joto linaingizwa, na baada ya siku kadhaa zinatoka njano na laini. Hapo zinamenywa na kutiwa katika mtumbwi wa mbao, si ule wa ziwani, ule uliochongwa kwa ajili ya pombe, na zinakandwa pamoja na nyasi kali mpaka maji yake yatoke. Ule ni mutobe, mtamu, hata mtoto anakunywa. Wanauchuja, wanaongeza maji kwa kipimo ambacho mama anakijua kwa jicho, wanatia unga wa mtama uliokaangwa, wanafunika kwa majani, wanangoja. Siku moja, mbili, tatu, kufuatana na baridi ya mahali. Ukifunua mbele ya wakati, unakunywa sukari. Ukichelewa, ni siki. Katikati ya hayo mawili kuna saa chache ambamo kasiksi iko kasiksi kweli, na kuijua saa hiyo ni elimu.

Na ule mtumbwi si chombo tu. Mama mmoja mzee alitukatalia kabisa kuusugua kwa sabuni. «Mukiosha sana, pombe itakosa mama yake,» alisema. Tulimcheka kidogo, tukiwa na biolojia yetu ya sekondari kichwani. Kumbe tulikosea sisi: ndani ya vitundu vya mbao mnabaki chachu ya pombe ya mara iliyopita, na hiyo ndiyo inayoanzisha pombe mpya. Yeye hakusoma hayo popote.

Zamani kuonja kulikuwa na taratibu. Mwenye pombe alikunywa wa kwanza mbele ya wageni, kwa kuonyesha kwamba hakuna sumu. Hilo kila mtu analikumbuka. Jambo tunalolisahau ni kwamba, baada yake, mrija ulikwenda kwa mzee aliyejulikana kuwa na ulimi, naye alisema neno. Alisema kama ndizi zilikaa siku moja zaidi ndani ya shimo. Alisema kama mtama uliungua, kama maji yalizidi, kama moshi umeingia, kama kibuyu kilibaki na harufu ya maziwa. Sisi wenyewe, tukiwa watoto, tulimsikia babu mmoja akisema mbele ya ukoo mzima kwamba pombe ya wakwe ni nzuri lakini imefunguliwa asubuhi mno, ingengoja jioni. Hakuna aliyekasirika. Yule mama aliyeitengeneza aliinamisha kichwa akasema: ni kweli, baba, niliogopa mvua.

Leo tunasema nini tukionja? Neno moja tu: kali. Iko kali, haiko kali. Tulilijua hilo kwa haya yetu wenyewe, na hapa tunaomba ruhusa ya kusimulia jambo dogo.

Ndugu mmoja aliyetoka Ubelgiji alituletea chupa ndogo ya bia nyeusi iliyolazwa miezi mingi ndani ya pipa la mbao. Ilikuwa na nguvu zaidi ya mara mbili ya zile bia zetu za chupa tunazozizoea. Tulikuwa watu sita, wote walimu, na chupa moja, basi kila mtu alipata kama kikombe cha dawa. Tulikunywa pole pole kwa kukosa njia nyingine. Na ajabu, tulianza kusema. Mmoja alisikia vanila. Mwingine alisikia mbao iliyoungua, kisha sukari ya miwa iliyopikwa mpaka ikawa nyeusi. Mwalimu wa kemia alisema ni sirupu ya kikohozi, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Tulitoa pointi kama kwenye mtihani: wawili walitoa 15, watatu 13, mwalimu wa kemia 8. Tukabishana karibu saa nzima juu ya kitu kilichokwisha zamani ndani ya gilasi.

Kisha mwenye nyumba akaleta kasiksi, na nyingi. Tukanywa. Tukauliza: na hii? Watu sita wenye diplome, waliozaliwa katikati ya migomba, wakajibu: «Iko kali.» Basi. Kwa bia ya kigeni tulikuwa na maneno ya saa nzima, kwa pombe ya mama zetu tulikuwa na neno moja. Hatukulala vizuri usiku ule, na si kwa sababu ya pombe.

Tangu siku ile tumesoma kidogo juu ya mapipa hayo. Huko Marekani, sheria inataka wiski yao ya mahindi iitwayo bourbon ilazwe katika vyombo vipya vya mbao ya mwaloni vilivyochomwa ndani. Basi pipa lililokwisha kutumika halifai tena kwa bourbon nyingine, linauzwa. Katika miaka ya 1990 kiwanda cha Goose Island cha Chicago kilitia bia yake nyeusi ndani ya mapipa ya namna hiyo, na wengi wakafuata. Ile vanila tuliyoisikia ni mbao yenyewe inayoitoa. Wabelgiji ni wa zamani zaidi katika kazi hiyo: kandokando ya Brussels kuna bia, lambic, ambayo hawaitii chachu yoyote. Wanaiacha ipate chachu ya hewa na ya mapipa ya zamani, mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Pipa la zamani hawalitupi, kama vile mama yetu hautupi mtumbwi wake.

Tusidanganyane. Kasiksi haikai miaka mitatu, haikai hata wiki mbili. Hatusemi ni kitu kimoja na lambic. Tunasema ujuzi wa mbao na chachu uko pande zote mbili, lakini upande mmoja unajua kujisemea. Mwaka 2016 UNESCO iliandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu. Sisi tulifurahi mwaka 2021 rumba yetu ilipoandikwa vilevile, pamoja na ndugu zetu wa Brazzaville. Nani atawaza kupeleka kasiksi? Tutaandika nini katika karatasi? Iko kali?

Na hapa tunamrudia ndugu yetu wa nyuma ya chumba. Atatuambia kwamba wazungu nao wanatafuta nguvu, kwani bia ile ya Chicago inafika karibu asilimia 14. Ni kweli, ina nguvu. Lakini angalia namna wanavyoipima. Kuna chama cha majaji wa bia kilichoundwa Marekani mwaka 1985. Karatasi yao ina pointi 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, namna inavyokaa mdomoni 5, na 10 kwa yote pamoja. Hesabuni wenyewe. Hakuna fungu la kulewesha. Nguvu ikiwa imekaa vizuri, ulimi utaikuta ndani ya ladha. Ikiwa inachoma tu, inaondoa pointi. Mtu anayetengeneza bia ya asilimia 14 anatafuta usisikie zile 14.

Kwetu ni kinyume, na anayelipa ni mama anayeuza. Tangu miaka ya 2000 ugonjwa wa mnyauko umeua migomba mingi Kivu, tukianzia Masisi. Ndizi zimekuwa chache. Mnunuzi anafika, anaonja, anasema: hii haina nguvu, jirani yako ana kali. Mama afanye nini? Ana minervali ya watoto watatu. Anaongeza maji, anatia sukari na levire ya mkate, kesho yake bidoni inatoa povu kama sabuni. Inapiga kichwa, ndiyo. Ndizi ndani yake ni kama jina tu. Wengine wanakwenda mbali zaidi na kuichanganya na kanyanga, ile ya kuchemshwa, ambayo ikitengenezwa vibaya inaweza kumpofusha mtu. Sisi walimu tunamlaumu mama huyu, lakini tulimfundisha sisi, kila mara tuliposema «kali» na kumlipa kwa neno hilo.

Tulihudhuria mahari moja, hatutataja mahali. Bidoni nane zililetwa badala ya mitungi. Mzee wa upande wa msichana aliingiza mrija, akanyamaza muda mrefu. Tuliona usoni mwake kwamba anajua. Vijana wakapaza sauti: «Muzee, iko kali?» Akasema: ndiyo, iko kali. Makofi. Usiku ule watu wengi walitapika, na bibi harusi alimaliza siku yake akiwashika wajomba vichwa. Yule mzee aliyekuwa na ulimi hakuutumia, kwani hakuna aliyeuliza swali linalouhitaji.

Kuna wanaosema: afadhali kasiksi ife, ni mambo ya walevi, msomi anakunywa chupa. Kwao hatutakaa sana. Kiwanda cha bia kiko Bukavu tangu miaka ya 1950, na baba zetu walijifunza haraka kwamba chupa juu ya meza ni cheo. Lakini mwaka 2025, vita ilipoingia mjini na depo za bia zikaporwa, tuliwakuta wenzetu hao hao chini ya migomba, kikombe cha plastiki mkononi, wakiangalia huku na huku. Tuliwasalimia kwa heshima.

Basi tunaomba kikao kijacho kifanye hivi. Kanuni ya daftari ifutwe. Pointi ziwe juu ya 20, kwani hesabu hiyo kila mzazi anaielewa: 8 kwa ladha, 5 kwa harufu, 3 kwa rangi na usafi, 4 kwa mama anayeweza kueleza ndizi zake, shimo lake na mtumbwi wake. Aliyetia sukari asifukuzwe kwa aibu, aonjeshwe ya mwenzake. Majaji watatu, na mmoja awe mwanamke anayetengeneza mwenyewe, si mke wa mkubwa. Baada ya kila kibuyu, jaji aseme kwa sauti alichokisikia, kwa Kiswahili ao kwa lugha ya kwao, na katibu aandike maneno hayo yote, mpaka tuwe na ukurasa mmoja wa kuanzia. Neno «kali» tunaliruhusu mara moja kwa kila jaji.

Mbuzi abaki palepale. Na majaji wapewe ugali na samaki mbele ya kuanza.