Themostati Si Adui wa Injini

Land Rover kuukuu inayopanda kutoka Liparamba kwenda Mbinga ikichemka, mafundi wengi huing'oa themostati, yaani kilango kinachoruhusu maji yaende kwenye rejeta injini ipatapo joto. Hiyo si tiba. Injini isiyofikia joto lake hutumia mafuta mengi, na silinda zake hulika upesi. Mara nyingi kiini cha maradhi ni rejeta iliyoziba, mkanda wa feni uliolegea, au kifuniko kibovu. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka penye nyuzi 95 hivi za Selsiasi. Kifuniko kizima kibanapo mvuke, kiwango hicho hupita 100. Yafaa walimu wa fizikia wafundishe somo la joto mbele ya rejeta, si ubaoni tu. Gari likikwama mlimani, mgonjwa hafiki hospitali.