Wasomi wa Siasa Wateremke Bondeni

Kila mwaka vijana wetu wa Unguja, Pemba na Mafia huvuka bahari kwenda Dar es Salaam au Dodoma kusomea shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa. Wazazi huwauliza watakuwa nani watakapomaliza. Swali hilo ni la haki. Anayesomea udaktari ana jibu, na anayesomea sheria analo. Wa siasa huambiwa kwamba ama atagombea ubunge, ama atarudi kukaa barazani. Sisi hatuna ugomvi na somo hilo. Tuna shaka na mahali linaposomewa.

Tulitazame bonde la Kilombero. Msomaji wa visiwani atasema halimhusu, lakini waya wa kwanza wa umeme uliopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulianza kazi mwaka 1980, na kwa miaka mingi kituo cha Kidatu, ukingoni mwa bonde hilo, ndicho kilichokuwa nguzo ya gridi ya taifa. Maji ya mto Kilombero nayo huingia Rufiji, ambako sasa hulijaza bwawa la Julius Nyerere, kabla ya kufika kwenye delta inayotazamana na Mafia. Mchele wa Kilombero hauhitaji kutambulishwa kwa mpishi yeyote wa pwani.

Katika bonde hilo kila sura ya kitabu cha siasa ina mfano wake. Shamba la mpunga la Mngeta lilianzishwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Korea Kaskazini, likawa chini ya RUBADA, likaingizwa katika kampuni ya ubia na wawekezaji wa nje mwaka 2008, na kufikia mwaka 2019 kampuni hiyo ilikuwa imeelemewa na madeni. Katika safari yote hiyo vijiji vilivyolizunguka viliulizwa lini, viliulizwa na nani, na vilijibu nini? Mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu. Miaka kumi baadaye wafugaji na ng'ombe wao wakaondolewa kwa amri ya Serikali. Nani aliupima uzito wa ndege wa majini, wa mpunga na wa ng'ombe, na kwa mizani ipi?

Lakini somo kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, limo katika muwa. Kiwanda cha sukari kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikataifishwa, kisha mwaka 1998 kikauzwa kwa Illovo ya Afrika Kusini, Serikali ikibaki na robo ya hisa. Hayo yameandikwa sana. Lisiloandikwa vya kutosha ni kwamba muwa ukishakatwa haungoji: sukari yake hupungua kadiri unavyokaa juani. Kwa hiyo mwenye kupanga ratiba ya uvunaji, yaani shamba la nani likatwe leo na la nani mwezi ujao, ana nguvu juu ya mkulima mdogo kuliko mbunge wake. Ndiyo maana vyama vya wakulima wa miwa vimegawanyika na kuzaliwa upya mara kwa mara. Mwanafunzi anayetaka kujua mamlaka ni kitu gani na akae miezi miwili karibu na ratiba hiyo.

Au aende Ifakara penyewe, mahali pa kuvukia kwenda Ulanga. Kivuko kilizama hapo Januari 2016, na daraja la mita 384 likazinduliwa mwaka 2018. Sisi watu wa visiwa hatuhitaji kufundishwa maana ya kutegemea chombo. Kwa nini mita 384 zilingoja miaka 57 baada ya Uhuru? Bajeti ipi iliziruka, na nani alizidai? Hiyo pekee yatosha kuwa tasnifu.

Ifakara hiyo hiyo ina chuo cha udaktari na taasisi ya utafiti wa afya ambayo mizizi yake ni ya miaka ya 1950. Watafiti wake wamewakamata mbu usiku kwa usiku, nyumba kwa nyumba, mwaka hadi mwaka. Matokeo yake ni kwamba mbu wa Ifakara anajulikana Geneva, na mkutano mkuu wa kijiji cha jirani haujulikani Mlimani. Wanahistoria wamejitahidi: Lorne Larson aliandika tasnifu ya udaktari juu ya Mahenge mwaka 1976, na Jamie Monson alitoa kitabu juu ya reli ya TAZARA mwaka 2009. Kijana wa shahada ya kwanza hajapewa nafasi kama hiyo. Mara nyingi mafunzo yake ya vitendo huishia ofisini, akipanga majalada.

Si jambo geni tunalolitaka. Uchaguzi wa mwaka 1965 ulichunguzwa na wanachuo jimbo kwa jimbo, na kitabu kikatoka. Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Watu wamebishana sana juu ya adhabu ile. Swali lililokuwa chini yake, msomi anaishi na nani, lingali hai.

Kijana aliyelelewa katika shamba la eka tatu, ambalo Mapinduzi yaliipa familia yake, ataiona Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kwa jicho ambalo mwenzake wa bara hana. Tunaiomba Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ifikirie nauli na posho ya vijana hao. Tunaziomba pia halmashauri za Ifakara, Mlimba, Ulanga na Malinyi ziwafungulie kumbukumbu za vikao, zikiwemo zile zisizopendeza. Likizo ndefu ya chuo huangukia miezi ambayo kiwanda kinasaga na ratiba ya miwa inagombewa, na treni ya TAZARA ina kituo Ifakara. Ofisi zinazohusika, za bara na za visiwani, ziseme kama mwaka ujao zitawapokea.