Nani Amemwona Fisi? Kumbukumbu za Wanyama Walao Nyama na Haki ya Wanaoishi Nao

Katika vijiji vya Pawaga na Idodi, mkoani Iringa, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, zimefungwa kwenye miti kamera ndogo zinazojifyatua kila kiumbe kinapopita mbele yake. Kamera hizo haziko ndani ya hifadhi. Ziko kwenye ardhi ya vijiji, mahali pale pale ambapo watoto huchunga mbuzi na akina mama huokota kuni, na wanaozitunza ni wanakijiji wenyewe. Kila mnyama aliyenaswa na kamera hukiletea kijiji alama: swala huleta chache, simba au mbwa mwitu huleta nyingi. Baada ya muda alama hujumlishwa, vijiji hushindanishwa, na kila kimoja hupata msaada kadiri ya alama zake kwa ajili ya shule, zahanati na tiba ya mifugo. Mpango huu umetokana na mradi wa wanyama walao nyama wa Ruaha, ulioanzishwa mwaka 2009, ambao leo unaendeshwa chini ya jina la Lion Landscapes.

Tumeona vema kulizungumzia jambo hili kwa sababu linazidi kuenea Afrika Mashariki, nalo linawahusu waamini wetu wengi kuliko tunavyodhani. Watu wa kawaida, yaani wachungaji wa ng'ombe, madereva wa watalii, walimu na wanafunzi, wanaombwa waandike walichokiona: mnyama gani, siku gani, mahali gani. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, imekuwa ikipokea taarifa za namna hii kwa miaka mingi ili kuchora ramani ya mahali wanyama wanapopatikana nchini. Wapo wanaouona wito huo kuwa mchezo wa watu wenye nafasi. Wapo pia wanaoutilia shaka, wakihofu kwamba leo ni daftari, kesho ni mpaka mpya wa hifadhi. Makundi yote mawili yanastahili jibu.

Tuanze na haja yenyewe. Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba duma waliobaki duniani ni takribani 7,100 tu, na kwamba asilimia 77 ya eneo wanamoishi iko nje ya hifadhi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya maisha ya duma haipiti mbele ya macho ya askari wa hifadhi hata mmoja. Anayemwona ni mchungaji. Hali haitofautiani sana kwa mbwa mwitu, ambao kundi lao laweza kuvuka wilaya nzima kwa siku chache. Hakuna serikali, hata iwe tajiri kiasi gani, itakayoweza kuajiri macho ya kutosha kufuata wanyama kama hao. Ndiyo maana wataalamu wanaomba macho yaliyopo tayari.

Wala macho hayo si ya kudharauliwa. Madoa ya duma hayafanani kati ya mmoja na mwingine, kama zisivyofanana alama za vidole vyetu. Hivyo picha moja ya ubavu iliyopigwa na mtalii huko Serengeti yaweza kuwaambia watafiti kwamba huyu ni jike yule yule aliyeonekana mwaka jana kilometa nyingi kutoka hapo. Kwa simba, tangu mwaka 1970 wanasayansi wamekuwa wakitumia vidoadoa vilivyo kwenye mizizi ya sharubu. Na huko huko Serengeti, kuanzia mwaka 2010, kamera 225 zilitandazwa katika eneo la kilometa za mraba 1,125. Picha zikawa nyingi hata wataalamu wakazidiwa. Zikawekwa kwenye intaneti, na watu zaidi ya 28,000 waliojiandikisha, wengi wao wasiokuwa na elimu ya wanyama, wakazitambua moja baada ya nyingine. Picha moja ilitazamwa na watu wengi, na jibu likachukuliwa pale wengi walipokubaliana. Majibu hayo yalipolinganishwa na ya mabingwa, yalikuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 96. Shahidi mmoja anaweza kukosea. Kumi wasiofahamiana wakisema neno moja, ni vigumu kuwapuuza.

Hata hivyo, tusiharakishe kushangilia. Sisi tuliokabidhiwa vitabu vya parokia tunajua jambo moja kuhusu kumbukumbu: kitabu cha ubatizo kisicho na jina la mtoto hata mmoja kutoka kigango fulani hakithibitishi kwamba huko hakuzaliwa mtoto. Pengine barabara ilikatika kwa mvua. Pengine katekista aliugua na padre hakufika. Ramani za wanyama zina udhaifu huo huo. Nukta hujazana kando ya barabara za watalii na karibu na hoteli, kisha upande wa vijiji panabaki peupe. Mtu wa ofisini akiitazama ramani hiyo bila busara, atasema huko hakuna duma, na fedha zitaelekezwa kwingine. Ama atasema huko hakuna shida ya wanyama, na aliyepoteza ndama wake watatu ataonekana mzushi.

Tena macho ya mwanadamu yana upendeleo. Mgeni husimamisha gari kwa ajili ya simba na chui. Nani anasimama kwa ajili ya fisi? Nguchiro, kanu na fungo hawapati hata dakika moja. Lakini ukiwauliza wafugaji wa pembezoni mwa Ruaha ni mnyama gani anayewasumbua zaidi usiku, watakutajia fisi, na utafiti uliofanywa huko unawaunga mkono: ndiye anayeongoza kwa kuua mifugo. Kumbukumbu zinazojaa simba na kumsahau fisi zinahifadhi uzuri anaoutafuta mgeni na kuacha nje hasara anayoipata mwenyeji. Kwa fisi kuna na jambo jingine ambalo wachungaji wa roho hatuwezi kulifumbia macho. Katika sehemu nyingi za nchi yetu anahusishwa na uchawi, na yule anayesema amemwona fisi karibu na nyumba ya jirani yake anaweza, bila kukusudia, kumtia mjane mzee katika hatari ya kifo. Taarifa ya fisi iandikwe kama taarifa ya mnyama, na viongozi wa jumuiya wahakikishe inabaki hivyo.

Ng'ambo ya mpaka, katika nyanda za Amboseli nchini Kenya, kuna mfano wa kufundisha zaidi. Mwaka 2007 ulianzishwa mpango wa Lion Guardians, unaowachukua morani wa Kimaasai, wale ambao kwa mila wangemwinda simba ili kuonyesha ushujaa, na kuwafanya walinzi wake. Hao hawajitolei bure. Hulipwa, na tunadhani ni haki walipwe. Wengi waliingia bila kujua kusoma wala kuandika, wakafundishwa ili waweze kujaza fomu. Hufuata nyayo, huandika, huwaonya wachungaji wasipeleke ng'ombe upande fulani siku hiyo, huwatafuta mifugo waliopotea na hata watoto waliopotea na mifugo. Simba wanawapa majina. Msomaji wa sura ya pili ya Kitabu cha Mwanzo hatashangaa kusikia kwamba ni vigumu zaidi kumchoma mkuki mnyama uliyempa jina.

Ni vigumu, lakini hutokea. Mwezi Mei 2023, simba mzee aitwaye Loonkito, mwenye umri wa miaka 19, aliuawa kwa mikuki katika kijiji cha Olkelunyiet baada ya kuvamia mifugo. Ndani ya takribani juma moja simba kumi waliuawa katika eneo hilo, sita kati yao kwa mkupuo mmoja huko Mbirikani, baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa. Loonkito alikuwa miongoni mwa simba waliojulikana na kufuatiliwa kuliko wote. Jina lake lilikuwa kwenye daftari, picha zake zilikuwepo, na bado alikufa. Wanaolifahamu eneo hilo walieleza kwamba ukame mkali ulikuwa umekwisha. Wanyama wa porini walianza kupata nguvu tena na kuwa wagumu kuwindwa, simba wakageukia maboma. Wenye maboma hayo walikuwa wametoka kupoteza mifugo mingi kwa ukame uo huo. Mtu aliyebakiwa na mbuzi kumi na mmoja hawezi kuhesabu kama anavyohesabu mtu wa mjini.

Hapa ndipo penye uzito wa suala lote. Daftari peke yake halilindi mnyama, na wala halimlishi mtu. Kwa upande wetu Tanzania, mwezi Februari 2018 simba 6 na makumi ya tumbusi walikutwa wamekufa jirani na Ruaha, na ilishukiwa kwamba walikula mzoga uliotiwa sumu. Sumu ni silaha ya mtu aliyekata tamaa: haina kelele, ni rahisi kuipata, nayo haichagui. Humwua simba aliyemla ng'ombe, na tumbusi asiye na kosa, na mbwa wa nyumbani, na yaweza kuingia katika maji wanayokunywa watoto. Hatuwezi kuitetea hata kidogo. Lakini anayetaka iachwe anapaswa kwanza kuuliza kwa nini mtu ameikimbilia.

Serikali yetu ina utaratibu wa malipo yanayoitwa kifuta jasho na kifuta machozi, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011. Majina hayo yamechaguliwa kwa uaminifu: hayaahidi fidia, yanaahidi kitambaa. Hata kitambaa hicho humfikia yule tu mwenye ushahidi, aliyetoa taarifa mapema, mwenye mtu wa kuthibitisha. Basi tunauliza: ikiwa mwanakijiji anaweza kufundishwa kuandika kwamba amemwona simba saa kumi na mbili asubuhi kando ya mto, kwa nini ukurasa huo huo usiwe na safu ya ng'ombe aliyeuawa? Kwa nini taarifa ya kwanza isafiri hadi Arusha na hata ng'ambo ya bahari, na ya pili iishie mezani kwa mtendaji wa kata? Mpango wa alama kule Pawaga na Idodi umejaribu kuziba pengo hilo, na tunausifu, kwa kuwa unamfanya mnyama hai awe na faida inayoonekana kijijini. Una mpaka wake, hata hivyo. Dawati jipya la shule ni la wote. Ng'ombe aliyeliwa alikuwa wa familia moja.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliomba uwekezaji mkubwa zaidi katika utafiti wa namna viumbe vinavyotegemeana (aya ya 42). Aliongeza kwamba katika maamuzi yahusuyo mazingira, wenyeji wa mahali wapewe nafasi ya pekee mezani (aya ya 183). Aya hizo mbili hunukuliwa na watu tofauti, mara nyingi wasioketi pamoja. Tungependa wanaohifadhi waisome ya pili, na wanaolalamika waisome ya kwanza. Kukaa mezani maana yake ni kwamba aliyekusanya taarifa arudishiwe: aone ramani iliyochorwa kwa jasho lake, aambiwe imeamua nini, na awe na neno kabla mpaka wowote haujasogezwa. Katika Pawaga na Idodi ipo jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, MBOMIPA, iliyoundwa na vijiji vyenyewe. Chombo kipo, ni juu ya wanavijiji kudai kwamba takwimu zipitie hapo.

Lipo na jambo la usalama ambalo vijana wetu wanalisahau. Picha ya chui na watoto wake ikirushwa kwenye makundi ya simu pamoja na jina la korongo, kabla ya jioni imemfikia mwenye nia njema na mwenye mtego wa waya kwa pamoja. Miradi makini huficha mahali hasa alipoonekana mnyama adimu. Wenye simu nasi tufanye hivyo: taarifa iende kwa ofisi ya kijiji, kwa askari wa wanyamapori wa kijiji au kwa watafiti wanaotambulika, na isipite kwenye kundi la ukoo.

Kwa parokia zilizo jirani na mapori, jumuiya ndogondogo zinaweza kuanza bila kamera wala programu ya simu. Daftari moja la shule lenye safu sita linatosha: tarehe na saa, mahali, mnyama na idadi, ameonekana mwenyewe, nyayo au mlio tu, mfugo uliouawa au mtu aliyejeruhiwa, jina la aliyeona. Asiye na uhakika kama alikuwa mondo au duma aandike kwamba hana uhakika, maana taarifa ya kubahatisha huharibu kumi za kweli zilizo juu yake. Siku isiyoonekana kitu nayo iandikwe, ili atakayesoma asiidhanie kuwa siku ambayo hakuna aliyetazama. Nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji kila mwisho wa mwezi, naye aweke sahihi na tarehe ya kupokea kwenye daftari linalobaki kwa jumuiya.