Kipimo si kazi ya wamama peke yao

Mama mumoja alinifuata inje kisha mukutano wa sendika. Sitasema jina wala avenue yake, na yeye mwenyewe alikubali niandike. Aliongea na sauti ya chini: « Papa delege, walinipima ku CPN, wakanipatia dawa. Nazifichaka mu mufuko ya unga. Bwana akizikuta, atanifukuza. Na mutoto, sijamurudisha kule. »

Nilikosa cha kujibu. Miaka mingi tunapigania kaske, botini, vumbi ya mugodi, mushahara. Hata siku moja hatukuandika VIH ya wamama na watoto mu karatasi ya maombi yetu. Na mimi sina haki ya kumuhukumu mutu: wakati bibi yangu alikuwa na mimba ya pili, aliniomba tuende wote kupimwa. Nikajibu: ile ni mulongo wa wamama. Nilikosea.

Tuseme mambo wazi. Mama mwenye VIH asipokunywa dawa, mu watoto 100, kati ya 15 na 45 wanaweza kuambukizwa: mu tumbo, siku ya kuzaliwa, ao mu maziwa. Akikunywa dawa kila siku, hawapiti 5. Na anaweza kunyonyesha. Lakini mutoto mwenye kuambukizwa na hana dawa, karibu nusu yao wanakufa mbele ya miaka 2. Hapa tunahesabu majuma, si miaka.

Tena kipimo ya mukubwa haitoshi kwa mutoto muchanga. Mbele ya miezi 18, damu yake ingali inabeba kinga ya mama, basi kile kipimo ya kidole kinaweza kudanganya. Mutoto wanamutoboa kisigino ku juma ya 4 ao ya 6, matone ya damu inakauka ku karatasi, inatumwa ku laboratware. Mama anapaswa kurudi kutafuta majibu. Akikosa franga ya transpore, ao akiogopa macho ya majirani, harudi. Ndiyo maana wale reko wenye kupita nyumba kwa nyumba wana lazima kwetu. Wanamujua mama, wanajua mulango wake, wanaweza kumusindikiza.

Wanaume wengi wanasema: « Bibi yangu alipimwa, hana kitu, basi na mimi sina. » Ni uongo. Mumoja anaweza kuwa nayo, mwengine hana. Na mama mwenye hakuwa nayo ku CPN ya kwanza anaweza kuipata kisha, akiwa na mimba ao akinyonyesha. Ataipata kwa nani? Kila mutu ajiulize.

Wengine wanaogopa majibu itafika ku kampuni. Iko sheria: namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008. Inalinda siri ya mugonjwa, inakataza kumubagua ku kazi. Mukubwa wako akikuuliza majibu yako, kuja kutuona. Ile ndiyo kazi ya sendika.

Wazazi wetu wanakumbuka Union Minière na Gécamines: lopitali, kilo ya watoto, posho. Leo wengi wetu tuko mu makampuni madogo ya mikataba, na wachimbaji wa mikono hawana hata ile. Mu Haut-Katanga na Lualaba, kazi kubwa ya vipimo na dawa ilibebwa na PEPFAR, franga ya Marekani. Januari 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje, na tuliona namna kitu chetu kinategemea mukono wa mwengine.

Basi naomba mambo tatu. Moja: kila delege aweke kipimo ya jamaa nzima mu maongezi na kampuni, na mufanyakazi apewe siku ya kusindikiza bibi yake ku CPN bila kukatwa mushahara. Mbili: vipimo vifike mu cité magaribi na siku ya yenga, wakati baba iko nyumbani, na wapime watoto wote, si yule wa mugongo peke yake. Tatu: reko apewe kitu cha kukula na cha transpore. Hatuwezi kumutuma bure kila siku.

Yule mama, bibi yangu alimusindikiza. Mutoto walimutoboa kisigino, tunangoja majibu. Dawa zingali mu mufuko ya unga. Reko anaweza kumusindikiza mama, munganga anaweza kutoa dawa, lakini kuzitoa mu unga na kuziweka ku meza, ile inangoja sisi wanaume.