Nani Amtahini Mtoto Afundishwaye Nyumbani?

Mtoto afundishwaye na mamaye sebuleni aweza kusoma sawasawa na yule avaaye sare. Hata hivyo, mwaka unapokwisha huzuka swali lile lile: nani atakayethibitisha kwamba amesoma? Wapo wazazi wanaoliona swali hili kuwa uchokozi, wakidai kwamba serikali haina haki ya kuchungulia nyumbani mwao. Dai hilo halina mashiko. Mzazi, hata awe mweledi kiasi gani, hawezi kuwa shahidi wa pekee wa kazi yake mwenyewe. Lililo na uzito ni namna ya kumtathmini mtoto huyo.

Mintarafu ya hilo, majimbo mawili ya Marekani yanafaa kutazamwa. Katika jimbo la Virginia, mzazi hutakiwa kuwasilisha ushahidi wa maendeleo ya mwanawe kufikia tarehe 1 Agosti kila mwaka. Aweza kuleta matokeo ya mtihani sanifu, ambapo alama ya jumla sharti ifikie daraja ya nne kati ya tisa. Au alete barua ya tathmini kutoka kwa mwalimu mwenye leseni, au hata mtu mwenye shahada ya uzamili anayeyafahamu maendeleo ya mtoto huyo. Daraja ya nne, ikumbukwe, si mlima mrefu: ni asilimia 23 hivi tu ya watahiniwa wanaobaki chini yake. Mtoto aweza kuifikia bila ya kuandika insha moja ya maana.

Pennsylvania, kwa sheria yake ya 1988, ilichagua njia ndefu zaidi. Mzazi huweka jalada lenye orodha ya vitabu vilivyosomwa pamoja na sampuli za maandishi na mazoezi ya mtoto. Katika darasa la tatu, la tano na la nane huongezwa mtihani sanifu, na mzazi haruhusiwi kuusimamia. Kisha mtathmini aliyehitimu, asiye mzazi, hulipitia jalada, humhoji mtoto ana kwa ana, na hati yake hufika kwa mkuu wa elimu kufikia tarehe 30 Juni. Tangu 2014 mkuu huyo hupokea hati pekee. Jalada lenyewe halioni tena. Hapo sheria ilijipunguzia jicho moja bila sababu ya kuridhisha.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jalada lina faida ambayo mtihani wa kuchagua jibu hauna. Mtoto aliyeandika “kitabu yangu” mwezi wa Januari, kisha “kitabu changu” mwezi wa Oktoba, amepiga hatua inayoonekana kwa macho. Mtihani mmoja wa mwisho wa mwaka ungempa alama ya vema tu; safari yenyewe isingeonekana. Ni kweli kwamba jalada laweza kupambwa na mkono wa mama, na ndiyo maana mahojiano hayapaswi kuachwa kamwe. Dakika kumi za mazungumzo hufichua mengi.

Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni, na anayekaidi aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Hata hivyo, zipo familia zinazofundisha nyumbani. Ugumu wao umezidi tangu tathmini za shuleni zilipoanza kuhesabiwa: katika matokeo ya Gredi ya 9 ya 2025, tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 zilichangia asilimia 20, mtihani wa Gredi ya 6 asilimia 20 nyingine, na mtihani wa mwisho asilimia 60. Alama za shuleni huwasilishwa na shule. Mtoto asiye na shule atawasilishiwa na nani, ila mzazi abishe hodi kwenye shule ya jirani akiomba jina la mwanawe liandikwe?

Idara za Kiswahili na za elimu katika vyuo vikuu zina wahitimu wa uzamili na walimu waliosajiliwa wanaoweza kuisoma insha ya mtoto na kumhoji kwa saa moja. Sheria iwatambue, na Baraza la Mitihani lizipokee alama zao. Malipo yao yapangwe na serikali, wala asiachiwe mzazi kumchagua na kumlipa mtathmini wa mwanawe.