Kondoo wa Kajiado Hana Sufu, Tusimsingizie

Wasee wa Kitengela, leo tuongee kuhusu kitu tunapishana nacho barabarani kila siku na hatukijui. Kondoo wa Kajiado hana sufu. Sijakosea kuandika. Ukibisha, enda soko la mifugo la Bissil, omba ruhusa kwa mwenye mali, umpitishe mkono mgongoni. Utasikia nywele fupi na ngumu, karibu kama za mbuzi. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ni kondoo wa nywele. Anafugwa kwa nyama na mafuta, na kinachompa jina mbele ya wanasayansi ni kwamba anavumilia minyoo ya tumbo kuliko kondoo wengi wa kigeni. Ndiyo maana ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, wanafuga kundi lao kule Kapiti, Machakos.

Halafu kuna Dorper, yule mweupe mwenye kichwa cheusi ambaye kila mfugaji sasa anataka kumchanganya na wake. Huyo alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuzalisha Dorset Horn na Blackhead Persian. Lengo lilikuwa nyama. Koti lake ni mchanganyiko wa nywele na sufu fupi, na huwa linapukutika lenyewe. Hutapata sweta hapo.

Sufu ya kusokota ya Kenya hutoka kwa Merino, Corriedale na jamaa zao, na hao wanapenda baridi ya ukweli: Nyandarua, Molo, Timau, Laikipia. Majina makubwa ya hii kazi pia yako huko juu. Nanyuki Spinners and Weavers ni kikundi cha kina mama kilichoanza miaka ya 1970. Kenana Knitters ya Njoro ilianza 1998, na wanawake wake husokota sufu kwa mkono, huitia rangi za mimea, kisha hufuma vitu vinavyouzwa hadi ng'ambo.

Kwa nini naleta somo la kondoo kwa watu wa mtaa? Kwa sababu tangu Juni mathe wangu na wenzake watatu wanasokota sufu kwa baraza yetu, na wanatayarisha kiduka kidogo upande wa Noonkopir. Sufu inatoka Kinangop kwa gunia. Wawili kati yao ni kina mama wa Kimaasai wa Kisaju, mmoja ni Mkamba, na mathe ni Mkikuyu aliyefunzwa kusokota na shosho. Wiki mbili zilizopita kukaja mshauri wa mambo ya mauzo. Akaangalia vitita vya uzi, akasifu, akapiga picha, kisha akasema jina liko wazi: andikeni "Sufu ya Kimaasai", mtalii atalipa mara tatu.

Kwa baraza watu waligawanyika wawili kwa wawili. Mimi nimechukua upande: hilo jina lisiandikwe. Na nataka nikueleze kwa nini, kwa sababu hii si shida ya kiduka kimoja. Ni tabia yetu sisi vijana tunaouza vitu vya mkono mtandaoni.

Kwanza, ni uongo. Uzi ni mzuri, kazi ni ya kweli, lakini Wamaasai hawana historia ya kusokota sufu, kwa sababu kondoo wao hakuwahi kuwa nayo. Wana ngozi, wana shanga, wana rangi ambazo kila moja ina maana yake. Ukiweka jina lao kwa kitu ambacho si chao, unawauzia watu kabila kama pilipili ya kuongeza ladha.

Mnakumbuka mwaka wa 2012, Louis Vuitton walipotoa nguo za wanaume zenye mistari ya shuka? Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Kuna hata Wamaasai waliojipanga kwa mradi wa kulinda haki ya jina lao ili kampuni zinazolitumia ziombe ruhusa na zilipe. Sasa niambie, tofauti ya Paris na Kitengela ni nini kama sisi pia tunachukua jina bila kuuliza? Ati kwa sababu sisi ni majirani? Jirani ndiye anafaa kujua zaidi. Na wale mama wawili wa Kisaju kuwa ndani ya kikundi haitoshi. Mmoja wao alisema kitu ambacho kilinyamazisha baraza: "Mimi ni Mmaasai, hii sufu si Mmaasai."

Pili, na hapa ndipo pesa iko, lile jina linaficha kazi. Ukisema "ya Kimaasai", mnunuzi anafikiria jua, tambarare na ng'ombe. Hafikirii saa. Na kitu cha bei zaidi kwenye uzi wa mkono ni saa.

Wacha nikuonyeshe. Gunia la sufu likifika linanuka kondoo, lina mavi, miiba na mafuta. Unachambua kwanza. Kisha unalowesha kwa maji moto na sabuni bila kusugua, kwa sababu sufu ikisuguliwa kwenye maji moto inashikana na kuwa kama kipande cha zulia, na hapo hakuna kurudi nyuma. Maji yenyewe Kitengela unajua ni ya kununua, na ya visima vingi vya huku yana chumvi na madini yanayoweza kugeuza rangi, kwa hivyo ya mvua yanawekwa kama dhahabu. Baada ya kuosha unaanika. Kwa hii baridi ya Julai, na wingu limekaa juu ya tambarare kutoka asubuhi hadi saa tisa, sufu inachukua siku tatu kukauka. Ikikauka unaichana na brashi mbili za meno ya waya mpaka nyuzi zilale upande mmoja. Ndiyo unaanza kusokota, uzi mmoja, halafu wa pili, halafu unaziunganisha mbili kwa kuzizungusha kinyume ili zisifumuke.

Rangi ni siku nyingine kabisa. Uzi unachemshwa polepole na shabu, lile jiwe jeupe ambalo watu hutumia kutuliza maji machafu, ndiyo rangi ishike. Maganda ya vitunguu ya mama mboga yanaleta rangi ya dhahabu hadi ya machungwa. Kokwa za avokado zinaleta waridi ambayo hukutarajia. Yale magugu yenye harufu kali yanayoota shambani baada ya mvua, wanasayansi wanayaita Tagetes minuta, yanaleta njano. Ukitia maji ya misumari yenye kutu, rangi yoyote kati ya hizo inaingia giza. Video za hiyo sufuria ndizo zinapata watu wengi kwa ukurasa wangu. Ni sekunde 20 na zinapendeza sana. Hakuna anayeniuliza kuhusu siku zilizokuja kabla ya sufuria.

Kwa hivyo tulipima kwa saa ya simu. Kuchana, kusokota na kuunganisha gramu 100 za uzi kulichukua saa 6 kwa mtu aliyezoea. Wacha tulipe shilingi 100 kwa saa. Si pesa ya maana: mshahara wa chini wa kibarua wa Nairobi ulipandishwa Novemba 2024 ukafika shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na ukigawa kwa saa 225 za mwezi unapata karibu shilingi 72 kwa saa, kabla ya pesa ya nyumba. Kwa hivyo 100 iko juu kidogo tu ya kima cha chini. Saa 6 ni shilingi 600. Ongeza sufu, shabu, maji na makaa, weka 200. Gramu 100 za uzi ni shilingi 800, na duka bado halijalipa kodi ya nyumba.

Sweta ya mtu mzima inakula kama gramu 500. Hiyo ni 4,000 ya uzi. Kuifuma ni saa 30, yaani 3,000. Sweta imefika 7,000 na hakuna aliyepata faida. Enda Gikomba na hiyo pesa, utarudi na gunia dogo la sweta, na zingine ni za sufu kabisa, za Scotland, zimevaliwa mara mbili.

Najua jibu lenu: sasa si ndiyo maana tunahitaji jina la Kimaasai, mtalii alipe hiyo 7,000? Hapana. Mtalii akilipia hadithi, siku hadithi ikigunduliwa ni ya uongo, uzi wote unaonekana wa uongo, hata ule uliosokotwa kwa mikono iliyopasuka na baridi. Na kuna jambo baya zaidi. Bei ikisimama juu ya jina, anayesokota hana nguvu. Jina ni la duka. Akilalamika, atatafutwa mwingine. Bei ikisimama juu ya saa, kila mtu anaweza kuhesabu, hata yeye.

Angalia majirani zetu pale EPZ ya Athi River. Wengi wenu mna dada au shemeji anayeshona huko. Sheria ya EPZ ilikuja 1990, AGOA ikaja 2000, na tangu hapo jinzi zikashonwa hapa zikaenda Marekani. Pale kila dakika inahesabiwa, kila laini ina lengo la siku. Unaweza kuchukia huo mfumo, lakini hakuna anayejifanya kwamba muda ni bure. Ni kwa baraza na vikundi vya kina mama ndipo tunasema mama anasokota "akipumzika". Anapumzika aje na mikono inafanya kazi? Akilipwa kwa kilo, zile saa za kuchana zinamezwa na hakuna anayeziona.

Wengine watasema nimetoka kuthibitisha kwamba biashara haiwezekani. Sijathibitisha hivyo. Nimethibitisha kwamba sweta haiwezekani, kwa sasa, kwa mteja wa Kitengela. Kofia inawezekana. Kofia ni gramu 80: uzi 640, kufuma saa 4 ni 400, jumla 1,040. Iuze 1,400, duka linabaki na 360. Kitita cha gramu 50 cha uzi wa rangi, kwa wale wasichana wanaofuma vitu vidogo na kuuza mtandaoni, pia kinawezekana. Hiyo 1,400 ni pesa, sikatai. Lakini ni watu wetu hao hao wanalipa zaidi kwa kofia ya nembo feki, na wanajua ni feki.

Na hapa Kajiado tayari tuko na mfano. Kitengela Glass, ile ya Nani Croze ukingoni mwa Mbuga ya Nairobi, imefanya kazi kwa zaidi ya miaka 40. Wanayeyusha vioo vya zamani. Hawakusema ni kioo cha mababu wa mtu yeyote. Walisema ni kioo kilichotupwa, kimetengenezwa Kitengela, na leo watu wanavuka kutoka Nairobi kwa barabara mbaya kwenda kuona. Jina la mahali lilitosha.

Kwa hivyo pendekezo langu kwa kiduka chetu, na kwa yeyote kati yenu anayeuza kitu cha mkono, ni lebo yenye mistari mitatu. Wa kwanza: mali ghafi imetoka wapi. "Sufu ya Kinangop." Wa pili: imefanyiwa kazi wapi na imepakwa nini. "Imesokotwa Kitengela, rangi ya maganda ya vitunguu." Wa tatu: saa. "Kofia hii imechukua saa 9." Kwa sababu ukipiga hesabu, gramu 80 ni karibu saa 5 za uzi na 4 za kufuma. Mteja akitaka kupunguza bei, aelekeze kidole ni saa gani anataka mtu afanye bure.

Na sisi wenye simu tuna deni letu. Ukipiga video ya sufuria ya rangi, weka pia ya kuchana. Weka ile ya mama akinyoosha mgongo. Haitapata watu wengi kama ya rangi, najua, lakini anayenunua baada ya kuiona hatauliza mbona bei iko juu.

Kura ya jina ni Jumamosi. Kwa sasa ni wawili kwa wawili, na mathe yuko upande ule mwingine. Ana sababu zake: amelipa miezi miwili ya kibanda mbele, na mshauri amemwambia mtalii hasomi mistari mitatu. Mimi sina kura. Nitabandika lebo ya mfano kwa kofia moja nimuonyeshe. Kama una duka la vitu vya mkono, niandikie chini: lebo yako inasema nini, na je, inasema ukweli?